Injini yako inakwama mara ngapi kwa mzunguko mmoja?

Swali: Assalaam alaykum Ami. Niko Chake Chake. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi ya reli Mombasa, na mpaka leo hadithi zake ni za zile injini ndefu za mvuke, rangi ya damu ya mzee, zilizokuwa zikipanda Nairobi. Nimeanza kumjengea moja kwa matofali ya LEGO, nataka iende kwa mota. Boila na kibanda cha dereva nimeshamaliza na vimependeza. Mota nimeiweka ndani ya boila. Shida ni kwamba ikiwaka inaguruma, magurudumu yanazunguka kidogo, yanakwama, nikiyasukuma yanaendelea, halafu yanakwama tena. Kwenye kona ndiyo hatari, inaanguka kila mara. Kule nyuma nimepanga kujaza vipande vyeusi viwe makaa ya mawe. Wenzangu wananicheka, eti mtu wa Pemba na treni wapi na wapi. Nibadilishe mota? Na nipime vipi ifanane na yenyewe?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mota usiibadilishe. Nimesoma barua yako mara mbili, na kosa nimeliona pale uliposema boila umeshalimaliza. Fundi wa milango hapa Mji Mkongwe hachongi nakshi kabla ya kuunga fremu na kuona mlango unafunguka na kufungika. Wewe umeanza na nakshi. Boila livue, uliweke kando salama, maana utalirudisha kama lilivyo. Kazi yetu ipo chini.

Kwanza tujue tunajenga nini. Hadithi za babu yako ni za injini za daraja la 59, aina ya Garratt. Zilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester, zikaja Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa kama mita 31.7, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozishinda nguvu duniani. Zilipewa majina ya milima. Mount Gelai, namba 5918, bado ipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi, na picha zake ni nyingi na nzuri. Fuata hiyo, usifuate picha za injini za Ulaya, kwani utajikuta umechanganya mbuzi na kondoo.

Garratt si injini moja. Ni injini mbili zinazotazamana kisogo, kila moja na silinda zake na magurudumu yake, na katikati boila limelazwa juu yao kama jeneza lililobebwa na watu wawili, mmoja mbele, mwingine nyuma. Wabebaji wanaweza kugeuka, jeneza linabaki limenyooka. Ndiyo maana iliweza kupita kwenye kona kali za njia ya milimani. Na ndiyo maana, kwa mjenzi wa matofali, jitu hili la mita 31 ni rahisi kulipitisha kwenye kona kuliko injini ya kawaida iliyo nusu yake. Umechagua vizuri bila kujua.

Sasa kukwama. Toa mota. Shika gurudumu moja kwa vidole, lizungushe polepole, na uhesabu linakwama mara ngapi mpaka lirudi lilipoanzia. Hesabu hiyo inatosha kuutambua ugonjwa.

Likikwama mara moja kwa mzunguko, kuna kitu kimoja kinachogonga: pini imejitokeza, au mkono wa pistoni unafika mwisho wa silinda kabla ya wakati. Tazama pale pale linapokwama, utakiona. Likiwa zito mzunguko mzima bila kuchagua mahali, fremu imebana ekseli. Likikwama mara 2, na kwa maelezo yako nakisia ndivyo lilivyo, basi magurudumu ya kulia na ya kushoto umeyafunga kwa pembe moja.

Bibi zetu wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Cherehani cha miguu kikisimama wakati ule mkono wake uko juu kabisa au chini kabisa, ukanyage utakavyokanyaga hakiendi. Sharti ukipige kigurudumu kwa mkono. Pale mkono na kitovu vimekaa mstari mmoja, na nguvu ya kusukuma haina pa kupita. Mafundi huita nukta mfu, na zipo 2 katika kila mzunguko. Injini ya mvuke haina mtu wa kuipiga gurudumu kwa mkono, kwa hiyo waliozitengeneza waliweka upande wa kulia robo ya mzunguko mbele ya wa kushoto. Upande huu ukiwa umekufa, ule mwingine uko katikati ya nguvu zake, unamvuta mwenzake.

Kwenye matofali hili ni jepesi kuliko kwenye chuma. Ekseli ya LEGO ni ya msalaba, ina pande 4, basi kila gurudumu linaweza kuingia kwa namna 4 tu, na kila namna imepishana na jirani yake kwa nyuzi 90 kamili. Chomoa magurudumu yote ya upande wa kulia, yageuze robo moja, wote kwa mwelekeo mmoja, uyarudishe. Wote, nasema. Ukimsahau mmoja tu, itakwama zaidi kuliko mwanzo, na utanilaumu mimi.

Ukiwa hapo, tazama pini ulizotumia kwenye mikono ya kuunganisha magurudumu. Kama ni nyeusi, zitoe. Pini nyeusi zimetengenezwa zibane, kazi yake ni kushika ukuta. Kwenye kitu kinachozunguka tumia zile za kijivu zisizobana. Injini moja ya Garratt ina pini nyingi za namna hii, na kila inayobana inakula nguvu ya mota yako.

Kisha fanya jaribio ambalo mimi silikiuki. Weka injini moja, bila mota, juu ya kipande cha reli kwenye ubao. Inua ubao upande mmoja, kwanza kwa unene wa daftari, kisha madaftari mawili, matatu. Ikiteremka yenyewe kwa mwinuko mdogo, bila kusitasita, fremu ni nzima. Ikingoja mpaka ubao usimame kama ngazi, usiguse mota kwanza. Legeza, nyoosha, jaribu tena. Mimi yangu ya kwanza ilinichukua karibu wiki 3 mpaka ikubali kuteremka, na kila jioni mke wangu alikuwa akiniuliza kama ile ni kazi ya mtu mzima.

Vipimo sasa, kwani ndivyo vitakavyokupangia mengine yote. Watu huanza na upana wa reli. Reli za LEGO zina nafasi ya karibu milimita 38 kati ya chuma na chuma (chuma cha plastiki, lakini tuseme hivyo). Reli ya Mombasa ilikuwa mita 1. Ukifuata hesabu hiyo unapata kipimo cha 1 kwa 26, na injini yako itakuwa na urefu wa mita 1.2. Utaijengea wapi, na utaipitisha kona gani? Achana nayo.

Anza na gurudumu kubwa la kusukuma, kwa sababu hilo huwezi kulibuni, unalinunua lilivyo. La LEGO lina kipenyo cha kama milimita 30. La injini ya 59 lilikuwa futi 4 na inchi 6, yaani milimita 1372. Gawa: 1 kwa 46. Kwa kipimo hicho urefu wote unakuwa karibu milimita 690, na kwa kuwa kinundu kimoja cha tofali kinachukua milimita 8, hiyo ni vinundu 86. Boila lenyewe lilikuwa na kipenyo cha futi 7 na nusu, kwako linatoka karibu vinundu 6. Upana wa mwili futi 10, kwako vinundu 8 na kidogo. Tazama namba zinavyokaa zenyewe. Kitu kimoja tu kitakuwa cha uongo, reli itaonekana pana mno kwa injini hiyo, na babu yako akiwa mkali wa macho atalisema. Mwambie reli ni za kununua.

Mkoba wako wa magurudumu: Garratt hii imepangwa 4-8-2 mbele (madogo 4, makubwa 8, madogo 2) na 2-8-4 nyuma. Jumla ni makubwa 16 na madogo 12. Katika yale makubwa, 8 yawe na ukingo ule unaoshika reli kwa ndani, na 8 yawe bapa yasiyo na ukingo. Hapo ndipo tunapoingia kwenye kuanguka kwako.

Kona ya kawaida ya LEGO ina nusu kipenyo ya vinundu 40, milimita 320. Vipande 16 vinatimiza duara. Hiyo ni kona kali mno, hakuna injini ya kweli ya ukubwa huu ingekubali kitu kama hicho. Sasa wewe una ekseli 4 kwenye fremu moja isiyopinda. Mimi huacha vinundu 5 kati ya ekseli na ekseli ili kingo zisigusane, ingawa ni ndefu kidogo kuliko hesabu. Kutoka ekseli ya kwanza hadi ya nne ni milimita 120. Ukiiweka fremu hiyo kwenye kona, ekseli mbili za mwisho zikifuata reli, mbili za katikati zinakuwa nje ya mstari kwa kama milimita 5. Gurudumu lenye ukingo halina milimita 5 za kutoa. Litapanda juu ya reli, na likipanda limekwisha. Bila shaka yako yote 16 yana ukingo.

Basi weka yenye ukingo kwenye ekseli ya 1 na ya 4, na bapa kwenye ya 2 na ya 3. Kwenye kona utayaona yale bapa yananing'inia ukingoni mwa reli, usihofu, fremu inayashikilia. Wala usidhani ni ujanja wa watoto. Injini za kweli zilifanya hivyo hivyo. Waingereza walipojenga injini za daraja lao la 9F kuanzia 1954, 251 kwa jumla, kila moja na ekseli 5 za kusukuma, ekseli ya katikati haikuwa na ukingo.

Bogi ndogo za mbele na nyuma, yaani vigari vya yale magurudumu madogo, zisibebe uzito. Zifunge kwa mkono mrefu unaocheza kulia na kushoto, na uzito wote ubaki kwenye yale makubwa. Lakini bogi nyepesi kupita kiasi nayo inaruka, hasa pale kipande cha reli kinapoungana na kingine vibaya. Ya kwangu niliitia sarafu mbili chini kwa ndani, ikatulia. Angalia pia kwamba bogi ikigeuka haigongi silinda. Kwenye Garratt silinda ziko ncha za nje, juu ya bogi hasa, na ndipo wengi hugundua usiku wa manane kwamba hakuna nafasi.

Na usiunge kona ya kulia moja kwa moja na ya kushoto. Weka kipande kilichonyooka katikati, japo kimoja.

Kuna jambo litakalokushtua hata injini ikipita salama. Kama pivoti zako mbili, vile viungo vinavyogeuka vinavyobeba boila, ziko umbali wa vinundu 40, basi kwenye kona tumbo la boila litatoka kwa ndani karibu sentimita 4. Ndivyo jeneza linavyofanya kwenye kichochoro. Mguu wa meza, ukuta, kikombe cha chai, vyote viwe mbali na kona upande wa ndani.

Mota. Umeiweka ndani ya boila kwa sababu kuna nafasi, naelewa, lakini umeilazimisha ipitishe nguvu kwenye kiungo kinachopinda, na kila ikifika kona gia zinabanwa. Garratt imekupa mahali pazuri zaidi. Mbele kuna tangi kubwa la maji, limekaa juu ya injini ya mbele, linageuka nayo. Nyuma kuna tangi jingine na hifadhi ya mafuta, hivyo hivyo. Weka mota moja ndani ya kila tangi, imelala juu ya magurudumu yake, isivuke kiungo chochote. Chukua mota za ukubwa wa kati ya ile ndogo na ile nene kabisa, zile zinazoitwa L. Boksi la betri ndilo liingie ndani ya boila. Lile la mfumo wa Powered Up, wa tangu 2018, lina matundu 2 ya kuchomeka waya, moja kwa mota ya mbele, moja kwa ya nyuma, kama lilitengenezwa kwa ajili ya injini hii. Waya upitishe katikati ya pivoti, na uupitishe kabla hujafunga, kichwa cha waya ni kikubwa kuliko tundu. Acha kitanzi kidogo usivutike.

Kuhusu gia, usiunganishe mota na gurudumu moja kwa moja. Tuseme mota ikiwa na mzigo inazunguka mara 300 kwa dakika. Gurudumu la milimita 30 linatembea kama milimita 94 kila mzunguko. Kwa kipimo chetu hiyo ni sawa na kilomita 78 kwa saa, na Garratt inayopanda kutoka pwani na mzigo haikuwa na haraka hiyo. Weka gia ya meno 12 kwenye mota iizungushe ya meno 20. Unashuka hadi kilomita 47, na nguvu inaongezeka. Ndiyo mwendo wake.

Mtego mmoja uko hapa. Injini zako mbili zinatazamana kisogo. Ukizijenga kama picha kwenye kioo, mota ya mbele itavuta kwenda Nairobi na ya nyuma itavuta kwenda Mombasa, na injini itasimama ikitetemeka. Ama ugeuze upande gia inapokutana na ekseli kwenye moja kati ya hizo, ama uiambie programu kwenye simu kwamba mota ya pili iende kinyume. Mimi napenda kugeuza gia, kwa sababu simu huisha chaji.

Wengine watakwambia mota mbili lazima ziende sawa kwa sawa. Si kweli. Injini mbili za Garratt hazikufungwa pamoja. Pumzi zake zilikuwa zinaachana polepole, zinapishana, kisha zinakutana tena, na mtu aliyekaa karibu na reli aliisikia kwa mdundo huo tu kabla haijaonekana. Muulize babu.

Ule mtambo wa fito nje ya magurudumu, unaocheza kama mguu wa panzi, ndio utakaokupendeza na ndio utakaokuchelewesha. Aliubuni Mbelgiji Egide Walschaerts mwaka 1844. Kwenye injini ya kweli kazi yake ni kuamua mvuke uingie lini kwenye silinda, kiasi gani, na upande upi, na kwa huo dereva aliweza kurudi kinyumenyume. Kwako hauna kazi ila kuonekana, kwani kwako mota inazungusha gurudumu na gurudumu ndilo linalosukuma pistoni, kinyume kabisa cha mambo. Kwa hiyo usiufanye wote mara moja. Jenga mkono mkuu na kitelezi cha pistoni, uiendeshe saa nzima. Ikikubali, ongeza kile kikombo kidogo kwenye pini ya gurudumu, na ufito wake kwenda kwenye kiungo kinachocheza. Kila unapoongeza ufito mmoja, rudi kwenye ubao wa kuteremka. Siku itakapogoma utajua ni ufito upi. Na hapa nakupa ruhusa ya kudanganya: vipande viwili vitatu vya mwisho vigandishe tu pale vinapoonekana, mtu wa hatua mbili hatajua.

Mshiko. Magurudumu yenye mfereji wa mpira yawe 4 tu, mawili kwa kila injini, kwenye ekseli ya mwisho. Ukiweka mpira kila mahali injini itashindwa kuteleza kidogo kwenye kona na itajibana. Injini za kweli zilibeba mchanga kwenye masanduku na kuumwaga mbele ya gurudumu likiteleza. Sisi mchanga tunao wa bure, unaingia kwa miguu ya watoto, na kwetu ni adui, unaingia kwenye gia za plastiki ukasaga kama kinu. Usiendeshe sakafuni bila kufagia.

Betri ni 6 ndogo. Za kuchaji zinafaa, zina volti 1.2 badala ya 1.5, injini itakuwa taratibu kidogo tu. Ila usiziache ndani. Kwa hewa yetu ya chumvi, betri za bei ndogo zinavuja. Mimi niliacha za dukani miezi 4, nilipofungua boksi nikakuta ukungu wa kijani na chemchemi zimeliwa. Boksi lile linagharimu kuliko betri za mwaka.

Rangi ya damu ya mzee ipo kwenye LEGO, lakini si kila umbo la tofali linapatikana kwa rangi hiyo. Kabla hujaagiza kitu, ichore injini yote kwenye programu ya kompyuta iitwayo Studio, ni ya bure, nayo inakuonyesha kipande gani kipo kwa rangi gani. Kisha agiza mara moja, mzigo mmoja mdogo kupitia mtu Dar, uvuke na boti. Ukiagiza kidogo kidogo nauli itazidi matofali. Na maumbo ya ndani yasiyoonekana yajenge kwa rangi yoyote. Za kwangu zina njano na buluu tumboni, nilizipata kwenye viroba vya midoli ya mitumba.

Umegusia pia kwamba wenzako wanakucheka, mtu wa Pemba na treni wapi na wapi. Waambie Unguja treni ya mvuke ilikuwepo. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na reli yake ya kwenda Chukwani, na kuanzia 1905 kulikuwa na treni kutoka mjini hadi Bububu, kama kilomita 11. Ila wakikwambia Bububu imepata jina kwa mlio wa treni hiyo, wakatalie. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliishi Bububu miaka ya 1860, reli haijaota.

Mwisho, nimeona kwenye maelezo yako umepanga kujaza vipande vyeusi kule nyuma viwe makaa ya mawe. Kabla hujavifunga, muulize babu yako kulikuwa na nini mle. Injini za 59 zilichoma mafuta.